Kodi ya Kiwanja cha Baba

Mshonaji alikuwa na imani moja isiyotikisika: anayelipa kodi ya kiwanja ndiye mwenye kiwanja. Baba yao aliwaachia mabinti wawili, kila mmoja na mama yake, kiwanja kimoja chenye nyumba moja. Yeye, mkubwa, alibaki na vyumba vya nyuma. Mwenzake, mtoto wa mke wa pili, akachukua vya mbele na kufungua saluni. Mshonaji hakumwita "mdogo wangu" hata siku moja. Alimwita Yule wa Mbele.

Kila mwaka Yule wa Mbele alikuja na nusu yake mkononi. "Dada, kodi tugawane basi. Kiwanja si chetu sote?"

"Kaa na hela zako. Nitalipa mwenyewe."

Akashona mpaka macho yakaiva, akalipa yote. Wivu ulikuwa unamla, na alijua unamla. Yule alikuwa na pua ya baba, kicheko cha baba, hata kule kusimama mkono kiunoni. Yeye alikuwa na risiti.

Mwaka huu alipofika dirisha la kulipia kodi, keshia mzee alitazama kompyuta yake, akasema, "Hiki kimeshalipiwa chote. Jana."

"Na nani?"

"Mtoto wa marehemu. Baba yake nilimjua, ile pua haikatai." Akamtazama juu ya miwani. "Kwani wewe ni nani wake?"

Miaka yote hiyo alilipia dirisha hilo hilo. "Mrudishie hela zake. Mlipaji ni mimi."

"Zikishaingia hapa hazitoki, mama. Labda ulipe ya mwakani."

Kwenye pochi alikuwa na hela za bi harusi mmoja, za kununulia kitambaa cha shela. Akazitoa zote bila kupepesa macho.

Aliingia saluni bila hodi, akaibandika risiti kwenye kioo, mbele ya mteja aliyekuwa anasukwa. "Ya mwakani. Nimekuwahi."

Yule wa Mbele aliisoma taratibu, kitana kikiwa mdomoni. Akakitoa. "Kila mwaka unanikatalia, nikaona safari hii nitangulie. Kumbe umenilipia na mimi? Asante, dada. Mwakani nitapumua."

"Wengine mna bahati ya dada," mteja akasema.

Mshonaji alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote ya ugomvi. Akatoka nayo.

Chumbani kwake bi harusi alikuwa ameshakaa kitini, anachekacheka. "Nimeshindwa kusubiri, mama. Hebu nikione kitambaa."

Mshonaji akafungua kabati, akalifunga. Ng'ambo ya ukuta kicheko cha baba kilikuwa kinaendelea. Pa kukopa hapakuwa pengine. Zile nusu alizozikataa miaka yote zilikuwa huko huko mbele.

"Ningoje kidogo," akasema, akashika kitasa cha mlango. "Nikaongee na mdogo wangu."