Idara ya Moshi

Mimi, Lévi, mwanafunzi wa bweni na mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Moshi ya Lubumbashi, natangaza kwa heshima zote kwamba idara yangu imefungwa rasmi. Idara yenyewe ilikuwa soli ya kandambili na wembe tu.

Mama yangu, Albertine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa anaoka mikate kwa tanuri la makaa pale mtaa wa Bel-Air. Walikuja watu wa usafi, wa zimamoto, wa vipimo, na kila karatasi waliyodai ilihitaji karatasi nyingine kwanza. Alitaka kujenga tanuri la pili, akaacha.

"Tanuri mbili inaonekana mbali, mwanangu," aliniambia. "Tubakie badogo."

Likizo ya Pasaka nikaamua kuwacheka wakubwa hao. Nikachonga kashe, yaani muhuri, kwenye soli: SERVICE DE LA FUMMÉE, Idara ya Moshi. Kwa Kifaransa, bila shaka. Hapa serikali haimsumbui mtu kwa Kiswahili. Nikaigonga kwenye karatasi ya kuruhusu tanuri letu, nikasaini mara tatu, nikaibandika mlangoni. Mama nikamwambia imeletwa na wakaguzi.

Akaisoma, akacheka. "Ata serikali inafanya faute! *Fumée* iko na *m* moja tu."

Mkaguzi Edouard alipofika, aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Hakuijua idara hiyo, ila mkaguzi gani atakiri kwamba hajui kashe? "Muzuri, mama. Uko en ordre, hakuna shida," akasema, akaondoka. Nilicheka hadi tumbo likauma.

Wiki iliyofuata Edouard alimwendea jirani yetu Papa Ruphin, ambaye naye huoka mikate. "Karatasi ya moshi iko wapi?" Papa Ruphin hakuwa nayo. Wakalifunga tanuri lake kwa waya na kumwachia ilani. Ilikuwa na kashe mpya ya Idara ya Moshi, ya mpira wa kweli, na *m* mbili.

Papa Ruphin akaja kwetu na ile ilani. Siku nne watoto wake walikuwa wamekula unga wa mikate ambayo hakuioka.

"Lévi, weye unasoma kwa masista," mama alisema. "Andikia papa barua ya kulalamika."

Nikaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu bora kabisa. Mama akaisoma. Akatazama mlangoni, akatazama ilani, akarudi kwenye barua.

"Lévi. Juu ya nini *fumée* yako, ata ile ya moshi wa tanuri tu, iko na *m* mbili?"

Nilifikiria uongo wa aina tatu. Papa Ruphin alikuwa ananitazama, kofia mkononi.

"Njo miye, mama. Kashe ya mulango nilichonga miye. Edouard na wenzake waliiga yangu."

Nilingoja kofi. Papa Ruphin akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ile kashe yako bado iko, mutoto? Unigongee na miye karatasi."

Ikabidi nikiri na hilo pia: niliitupa chooni siku ileile walipofunga tanuri lake, na nikanyamaza.