Behewa Lililotoka Mlimani

Mara ya kwanza Husna alipopiga simu, Cassilde alikata kabla mwenzake hajamaliza salamu. Mara ya pili alisikiliza hadi mwisho, akasema atafikiri. Hakufikiri. Aliendelea kumenya mihogo nje ya nyumba yake, kambini Lusenda, kati ya wakimbizi wenzake Warundi, huku mama mkwe wake, Mama Nimbona, ameketi kizingitini akitazama njia inayopanda kutoka ziwani.

Mama Nimbona alikuwa anamngoja mwanawe. Pierre-Claver, mume wa Cassilde, alipanda mtumbwi wa injini kwenda Ubwari, ng'ambo ya maji, msimu wa mvua uliopita, na mtumbwi ukapinduka karibu na ufuko wa huko. Abiria wengine waliopolewa, wazima kwa wafu. Yeye hakupatikana. Na kwa kuwa hakupatikana, mama yake alikataa matanga. Kila aliyekuja kutoa pole, mama alimuuliza, "Nani alimuona akikufa?" Hakuna aliyejibu. Basi kila jioni alimwekea mwanawe sahani ya bugali, akaifunika, na asubuhi akawamwagia kuku.

Kilichompeleka Pierre-Claver Ubwari ni treni. Watu wa mji wa Baraka wakisikia hivyo hucheka, maana eneo zima la Fizi halina hata kipande cha reli. Lakini hizi zilikuwa treni za kuchezea, za vitofali vya plastiki. Shirika fulani liliwahi kuleta magunia ya vitofali kwa ajili ya watoto wa kambi. Mradi ulipokwisha, vikatawanyika kwenye mifereji na mashamba ya mihogo. Pierre-Claver, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaanza kuviokota. Hakuwa amepanda treni hata siku moja. Alizitazama kwenye simu, kisha akazijenga, pamoja na vituo vyake vyenye mapaa. Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Kwa simu hiyo hiyo akawapata wenzake: Iddy Ramazani wa Baraka, mwenye mitumbwi, aliyekulia Kalemie karibu na reli ya kweli, na Dieumerci, mwalimu kule Ubwari. Kikundi kikakua, kikafika Uvira, kikapanda hadi milimani. Siku ile ya mtumbwi, Pierre-Claver alikuwa anampelekea Dieumerci behewa jipya alione.

Mara ya tatu Husna, ambaye ni mke wa Iddy, hakusubiri salamu.

"Mama Gentille, mi sikuiti kwa michezo. Bajenzi bote banakutana hapa Baraka, mara ya kwanza. Banataka kitu ya bwana yako ikuwe ku meza. We ukikataa, batafanya bila yeye, na mi sitaki hivyo."

"Mama hatakubali."

"Mama abaki nyumbani na Gentille. We kuya huku."

Basi Cassilde alifunga kwenye kitenge kituo kimoja cha mumewe, akamwachia mama mkwe binti yake Gentille, akapanda pikipiki. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto njia nzima, limetulia kama bati. Dereva wa pikipiki, ambaye kwa kawaida huimba, siku hiyo hakuimba. Kabla ya kuingia mjini alisimama, akageuka kumtazama.

"Tuko babili tu?" aliuliza.

"Unaona bangapi?"

"Pikipiki iko nzito," akasema, kisha akaendelea.

Mkutano ulikuwa kwenye salle moja, ukumbi wa harusi nyuma ya soko, mchana kweupe, madirisha wazi. Meza zilikuwa zimeunganishwa kuzunguka ukumbi, na juu yake reli moja ndefu ya plastiki ikipita vituo, madaraja, mashamba na masoko. Kila mjenzi alileta kipande chake. Mfugaji mmoja wa Bibokoboko alikuwa ameteremka na mabehewa yake ya ng'ombe ndani ya kibuyu cha maziwa. Adolphine, mama mwenye duka Uvira, alileta behewa jekundu linalong'aa kama pipi. Watu wazima walikuwa wameinama juu ya meza, wanapuliza vumbi, wanabishana juu ya magurudumu, wanacheka. Cassilde alisimama mlangoni. Hakuwa amejua kwamba wako wengi hivi, watu wenye wazimu wa mume wake. Alitaka kulia na alitaka kucheka.

Husna alimshika mkono, akampeleka mezani. Wakakiweka kituo mahali palipoachwa wazi kwa ajili yake, karibu na mlima.

Mlima ulikuwa kazi ya Dieumerci. Aliujenga kwa vitofali vyeusi, mfano wa milima ya Ubwari, na kati yake akapitisha handaki la treni. Haukuwa mkubwa, mtu angeweza kuukumbatia. Lakini Cassilde alipopita mbele ya tundu lake alihisi hewa ya baridi ikimgusa tumbo, baridi yenye harufu ya maji.

Dieumerci mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlima wake, mtu mwembamba wa shati lililopigwa pasi. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Mama Gentille," alisema, macho chini. "Pole."

"Pole ya nini, Mwalimu? Hatujakaa matanga."

Akaanza kunyoosha kitofali ambacho hakikuwa kimepinda.

Iddy alipiga makofi kuita watu. Kichwa cha treni kilikuwa chake, chenye mota na betri. Kila mjenzi alikuja kufunga behewa lake nyuma, mmoja mmoja, na la mwisho kabisa lilikuwa lile jekundu la Adolphine. Iddy akabonyeza kidude. Treni ikaanza kwenda.

Ilikwenda vizuri. Ilipita daraja, ikapita soko, ikaingia mlimani na kutoka upande wa pili, na ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Watu walikumbatiana. Husna alipiga vigelegele.

Kisha Iddy akainua mkono. "Sasa tunyamaze kidogo," alisema. "Kwa ajili ya ndugu yetu Claver. Treni itembee tu."

Wakanyamaza. Hata soko nje lilionekana limenyamaza. Ukasikika mlio wa mota peke yake. Treni ilipita kituo cha Pierre-Claver, ikaingia mlimani, kichwa, mabehewa, na lile jekundu mwisho.

Mlio haukukoma, lakini ulikuwa unakwenda mbali. Mlima ule usingefika urefu wa mkono, na bado wote waliusikia mlio ukififia kama wa treni ya kweli inayoshuka bondeni. Mfugaji wa Bibokoboko alifanya ishara ya msalaba. Kisha mlio ukaanza kurudi, polepole. Kichwa kikachomoza. Mabehewa yakafuata. Likaja jekundu la Adolphine, na nyuma yake, limefungwa barabara, behewa la kijani.

Cassilde alilijua kabla halijatoka lote. Mlango wake mmoja ulikuwa wa kijani na wa pili wa njano, kwa sababu vitofali vya kijani viliwaishia, na ule wa njano yeye mwenyewe aliuokota ndani ya mihogo aliyokuwa anatwanga. Alimpa mumewe mkononi usiku wa kuamkia safari.

Iddy alizima mota. Treni ikasimama, na behewa la kijani likawa mbele ya Cassilde, linatiririka maji.

"Nani aliweka hii?" Iddy aliuliza. "Mi nauliza! Nani anacheza na kifo ya muntu?"

"Hakuna muntu alisogea, Papa Iddy," Adolphine alisema. "Bote tulikuwa tunaona."

Wanaume wawili waliunyanyua mlima na kuupindua. Ndani mlikuwa mtupu. Juu ya meza, mahali uliposimama, palikuwa na dimbwi la maji na mchanga mwembamba wa ufukweni. Watu waliokuwa karibu na mlango walianza kutoka, bila haraka, kama mtu anayemkwepa mbwa asiyemjua.

Cassilde alimgeukia Dieumerci. "Ni we uliileta? Sema tu. Sitakasirika."

"Hapana, Mama. Naapa kwa Mungu." Aliinua mikono yote miwili. "Ile mufuko ya behewa haikupatikana. Mi niliona ikizama."

Waliokuwa wanatoka wakasimama mlangoni.

"Uliona?" Cassilde alisema.

"Nilikuwa ku kivuko, namungojea. Upepo ikatokea juu ya mulima. Mutumbwi ikageuka. Nilimuona, Mama. Mukono moja ilikuwa juu, imekamata mufuko, ili isilowe. Kisha mufuko ikazama, na mukono nayo. Nilibaki pale mupaka giza. Ni mi nilimuita akuye. Ningekuya kwa mama yake, nimuambie nini?"

Husna alianza kulia. Cassilde hakulia. Miezi yote ile alikuwa amebeba neno moja, "labda", na sasa alilisikia likimtoka mwilini kama mtu anayeteremshiwa mzigo wa kuni, na mgongo ukabaki unauma. Alinyoosha mkono, akaondoa paa la behewa.

Ndani mlikuwa na maji, yamejaa hadi ukingoni. Vitofali havizuii maji, kila mjenzi anajua. Lakini maji yale hayakuvuja, wala hayakutikisika alipogonga meza kwa kiwiko. Aliingiza kidole. Yalikuwa baridi kama maji ya mahali ambapo jua halifiki.

"Tuipeleke ku ziwa, tuitupe," Iddy alisema.

"Ziwa ilikuwa nayo tayari," Cassilde akajibu. Alirudisha paa mahali pake. "Muiache ipite tena. Kama anataka kwenda, aende."

Iddy alitikisa kichwa, akarudi nyuma. Waliuweka mlima mahali pake hivyo hivyo, na Adolphine ndiye aliyebonyeza kidude. Treni ilizunguka ukumbi wote, ikapita madaraja na masoko ambayo sasa hayakuwa na mtu wa kuyatazama, ikaingia mlimani. Mlio ukaenda mbali kama mara ya kwanza. Safari hii haukurudi. Ulikwisha.

Walingoja. Iddy alitazama kile kidude mkononi. Taa yake ilikuwa imezimika. "Betri imekufa," alisema kwa sauti ndogo. "Iko imesimama mule ndani."

Hakuna aliyetaka kuunyanyua mlima huo tena, wala kutia mkono. Cassilde alikunja mkono wa blauzi. Akainama, akaingiza vidole katika tundu la kutokea, kisha kiganja, kisha mkono hadi kwenye kiwiko, na hakugusa kitu. Mlima mzima haukufika hapo, lakini mkono wake ulikuwa ndani na upande wa pili haukutokea.

Ndipo kichwa cha treni kilipogusa vidole vyake. Hakukishika. Kilikuja chenyewe, taratibu, kikimsukuma mkono kurudi nje, jinsi mtu anavyokusogezea kitu na kungoja ukipokee. Alirudi nyuma nacho. Mabehewa yakatoka moja baada ya jingine, bila mlio wowote, mpaka la kijani likawa mwangani. Kisha msukumo ukaacha.

Aliligusa. Lilikuwa kavu. Paa lilikuwa limefungwa.

"Asante," Cassilde alisema, kwa Kirundi, akiangalia lile tundu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anamshukuru nani.

Alirudi Lusenda kabla jua halijashuka, Dieumerci akifuata kwa pikipiki nyingine. Mama Nimbona alikuwa palepale kizingitini. Cassilde alipiga magoti, akamwekea behewa mapajani. Bibi aliligeuza, akaupapasa mlango wa njano, akalileta puani, akalinusa kwa muda mrefu.

"Nani alimuona?" aliuliza, kama alivyouliza siku zote.

"Mi, Mama," Dieumerci alisema.

Akamweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Dieumerci alipomaliza, bibi aliuliza neno moja tu.

"Alikuwa anaangalia wapi?"

"Huku, Mama. Upande wa huku."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua kitambaa chake, akakitandika chini, na akatoa kilio ambacho majirani wa kambi nzima walikitambua. Walianza kuja kabla hajavuta pumzi ya pili, wakibeba viti na kuni.

Matanga yalikaliwa kama yanavyokaliwa. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, mama mwenyewe alisema wamzikie mwanawe lile behewa. Willy, fundi mbao wa kambi, alitengeneza sanduku dogo la mbao nyepesi, kiasi cha mkate, na Cassilde akaliweka behewa ndani kwa mikono yake, limefungwa kwa kipande cha shati la mumewe. Gentille, binti yao, aliweka ua juu yake.

Iddy, aliyekuja na wajenzi wenzake, aliomba heshima ya kulibeba sanduku hadi makaburini. Aliliinua kwa mkono mmoja, akasimama. Akaongeza mkono wa pili. Uso wake ulibadilika. Alimtazama tu Dieumerci, na Dieumerci akaja upande wa pili. Haikutosha. Akaja Willy, akaja mfugaji wa Bibokoboko. Wanaume wanne walilipandisha mabegani lile sanduku la kiasi cha mkate, wakatembea nalo njia ya mihogo kwa hatua fupi, jasho likiwatoka, wakipokezana kama watu wanavyopokezana maiti ya mwanaume mzima. Bamama waliokuwa nyuma waliona, na wakaendelea kuimba.