Fisi wa Jumamosi

Mkutubi wa chumba cha watoto alikuwa na domo, na bila domo lile asingeiweza kazi yake. Ghorofa ya juu ya maktaba ilikuwa ya watu wazima, wanaofungua kurasa taratibu na kukohoa kwa adabu. Chini, Jumamosi asubuhi, ilikuwa vurugu tupu. Wazazi walileta watoto wadogo ambao hata kusoma hawajaanza, wakawamwaga kwenye mkeka, wakaenda zao sokoni, na mkutubi akabaki na kundi zima mpaka adhuhuri. Watoto walimwita Shangazi Vitabu. Naye alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake cha kazi.

Kila Jumamosi ilikuwa na mada yake. Kulikuwa na Jumamosi ya mvua, watoto wakaja na viatu vya mvua huku jua linawaka nje. Kulikuwa na Jumamosi ya vitu vinavyobingirika, ambapo machungwa yalikimbilia chini ya kabati yakaja kutolewa yameshaoza. Mkutubi aliziandaa wiki nzima, akikata makatoni na kubandika na kupaka rangi mpaka kucha zake zikawa hazieleweki. Akipanda kwenye kile kistuli chake na kuita "Milango?" watoto walijibu "Tumefunga!" Akiita "Masikio?" wakajibu "Tumefungua!" Hapo hata mwenye mafua aliacha kupenga. Mkutubi mkuu mwenyewe, mzee mkavu asiyecheka ovyo, alishuka siku moja kutafuta ufunguo, akasimama mlangoni akasahau kilichomleta.

Sasa, mtu aliyezoea kuchekesha hupata ugonjwa wake. Kicheko kinanoga. Ukikipata kimoja unataka cha pili, na ukishafika cha tatu huangalii tena unakichuma kwenye shamba la nani.

Siku ya mada ya wanyama wa porini alikuja na boksi zima la vinyago vya katoni. Simba akagombaniwa mpaka watu wakavutana nywele. Sungura akachukuliwa, twiga akachukuliwa, hata kobe alipata mwenyewe. Fisi hakuna aliyemtaka. Mtoto mmoja aliyevishwa alilia kana kwamba kachomwa sindano, ikabidi abadilishiwe, akawa pundamilia. Na tusiwalaumu watoto, nani asiyemjua fisi? Katika hadithi zetu ndiye mlafi, ndiye mjinga, na ndiye anayepata kipigo mwishoni watu wakashangilia. Kinyago kikabaki peke yake mezani.

Ndipo akaingia Kitinda. Huyu alikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya maktaba, kitindamimba katika nyumba yenye watoto wengi, ndiyo maana kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mtoto wa mashavu na tumbo, mpole, wa kuongea polepole. Alichelewa kwa sababu mama yake alikuwa anamalizia kazi ya watu, na alikuwa bado anatafuna mkate, kipande kingine kiko mkononi.

"Jamani," mkutubi akasema, akikiinua kile kinyago juu wote wakione. "Tulikuwa tunajiuliza fisi wetu yuko wapi. Kumbe kapitia jikoni kwanza."

Chumba kikaangua kicheko. Kitinda naye akacheka, maana wote walikuwa wanamtazama yeye na wote walikuwa na furaha, na mtoto wa mwisho nyumbani si kila siku anatazamwa hivyo. Akavishwa kinyago, lastiki ikapitishwa nyuma ya masikio, akakalishwa mbele kabisa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya fisi aliyeachiwa chungu cha chakula cha wanyama wote akilinde, wenzake wakaenda kujenga daraja. Fisi akaonja kidogo, kuhakikisha hakijachacha. Akaonja tena, kuhakikisha kwamba alihakikisha vizuri. Mwisho akatumbukiza kichwa kizima alambe chini, kichwa kikanasa, na wanyama waliporudi walikuta chungu kinatembea kwa miguu minne. Kila fisi alipoonja, mkutubi aliligusa tumbo la Kitinda kwa kidole na kuuliza, "Limejaa?" Watoto wakajibu, "Bado!" Akaligusa tena na tena, na hakuna aliyemtuma. Jioni ile alikwenda kwake akiwa amechoka kwa raha, akajiambia kwamba hajawahi kupata Jumamosi kama ile.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema waliotutangulia, na hawakuwa wanapiga soga.

Jumamosi iliyofuata mada ilikuwa rangi. Hapakuwa na mnyama hata mmoja chumbani, lakini Kitinda alipotokea mlangoni watoto walimpokea kwa jina jipya. "Fisi kaja." Mkutubi alisikia. Alisikia vizuri tu, na akatabasamu, kwa sababu alilichukulia kama sifa ya hadithi yake kwamba bado iko vichwani mwao. Tena hakuishia hapo. Mwishoni alipokuwa anagawa biskuti, alisema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mficheni fisi wangu sahani, asije akatumalizia." Kitinda alikuwa tayari amenyoosha mkono. Akaurudisha taratibu, akaukalia.

Mkutubi aliuona ule mkono ukirudi. Aliuona, akageukia mtoto mwingine.

Baada ya hapo Kitinda hakuonekana. Mkutubi alijiambia ni mafua, watoto wote wana mafua. Kisha siku moja baada ya kazi akaenda kwa fundi kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Duka lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbele, pazia nyuma, vitambaa vimerundikwa mpaka dirishani. Fundi alikuwa na pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni, na alikuwa na tabia ya kusema na pini zake bila hata moja kuanguka.

"Inua mikono, dada," akasema. "Huyu mtoto wangu ananimaliza. Hali chakula."

"Haumwi?"

"Angekuwa anaumwa ningempeleka hospitali. Haumwi. Ukimwekea chakula anasubiri watu waondoke. Shule ya chekechea wananirudishia kontena lake limejaa, mwalimu ananiambia mwanao anasema ameshiba. Ameshiba nini? Juzi nimemkuta chini ya kitanda na ndizi, amejiziba na shuka, anatafuna huku analia."

Mkutubi alisimama pale mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Wenzake wamempachika jina, wanamwita Fisi," fundi akaendelea, akizungusha utepe kiunoni mwake. "Limeanzia huko huko wanakocheza. Kaka zake nao wamelidaka, sasa nyumba nzima ni Fisi, Fisi. Nikiwagombeza wanacheka. Nikimjua aliyelianzisha, wallahi nitamshona mdomo kwa mashine hii hii. Geuka."

Mkutubi akageuka. Neno lilikuwa limemfika kwenye ulimi. Lilikuwa neno fupi tu, ni mimi. Lakini domo lile lililozoea kujaza chumba siku hiyo lilikauka, na likatoa jingine kabisa.

"Watoto bwana," akasema. "Wana midomo."

"Wana midomo," fundi akakubali, akamchomeka pini begani kwa upole, akamsifu kwamba rangi ile inamkaa.

Alirudi kwake kwa mguu, na njia nzima alijitukana. Si kwamba hakujua la kufanya. Alijua. Alikuwa mwoga, basi, wala halina jina jingine la kulipamba. Mtu mzima na akili zake kawasingizia watoto wa miaka minne. Usiku akiweka sahani mbele yake alikuwa anauona ule mkono mdogo ukirudi na kukaliwa, na chakula kikawa hakipiti. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linamuuma mwenyewe, ulimi unamuuma mwingine.

Mwoga hutafuta njia ya uchochoroni, naye akaitafuta. Akajiambia kilichoharibiwa na hadithi kitatengenezwa na hadithi. Jumamosi iliyofuata akatangaza mada ya wema, akapanda kistuli, akaanza habari za fisi aliyeachiwa chungu cha watu akakilinda siku kutwa bila kuonja, na jioni akawapakulia wenzake kwanza. Alitarajia nyuso zing'ae. Watoto walimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama bibi anayekuita kwa jina la kaka yako.

"Shangazi, umekosea," akasema yule aliyewahi kuwa kobe. "Huyo si fisi. Huyo ni sungura amevaa kinyago."

"Fisi anaweza kuwa mwema," mkutubi akasema.

"Hawezi. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Na Fisi wetu haji siku hizi," mwingine akadakia. "Yuko kwao anakula."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile alichokifundisha, cha moyo mweupe kabisa, bila chuki hata chembe. Mkutubi akashuka, akawagawia vitabu vya picha, akakaa chini kwenye mkeka mpaka wazazi wakaja.

Kisha akafunga chumba na kwenda kwa fundi. Hakupitia popote, maana alijijua, angepitia mahali angeghairi.

Fundi alikuwa anashona. Alipomwona alianza kunyoosha mkono kuchukua gauni, mkutubi akamzuia.

"Mama Kitinda, sikuja kwa ajili ya gauni. Lile jina nimelitoa mimi. Mbele ya watoto wote, ili wacheke. Na nikalirudia."

Cherehani iliendelea kidogo, mpaka mwisho wa mshono, ikasimama. Fundi akakata uzi.

"Siku ile nilipokuwa nakuhadithia," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakupima mabega, nikakupima kiuno, nakumwagia ya moyoni, nawe umesimama unajua."

"Ndiyo."

Mkutubi alimsubiri atukane. Angefurahi kutukanwa, kungempunguzia. Fundi hakumpa hata hilo. Alikikunja kitambaa chake vizuri, akakiweka pembeni.

"Mimi huna cha kuniomba," akasema. "Aliyeitwa fisi si mimi. Yuko nyuma hapo. Ukimliza, dada, utoke kwa mlango wa nyuma, usipite mbele yangu."

Nyuma ya pazia palikuwa na godoro, rundo la vipande vya vitambaa, na Kitinda ameketi sakafuni anavipanga kwa rangi. Pembeni yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Mashavu yale yalikuwa yamepungua. Mkutubi hakuwa amejiandaa kwa mashavu.

Akaketi naye sakafuni. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamtoroka, na labda ilikuwa heri.

"Kitinda, nimekuja kukuomba samahani. Nilikuita fisi. Wewe si fisi. Nilisema vile ili watoto wacheke, wanipende. Lilikuwa kosa langu, si lako."

Mtoto alipanga kipande chekundu juu ya chekundu kingine.

"Lakini nilikuwa nakula mkate," akasema.

"Ulikuwa na njaa. Mtu akiwa na njaa anakula."

"Nilikula wote."

"Ulikuwa wako."

Kitinda alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akimpima, kama mama yake anavyompima mteja. Halafu akaitazama ile sahani. Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa bado kimya, na mkutubi alijua nani anasikiliza.

"Shangazi," mtoto akasema. "Kwa hiyo naruhusiwa kula?"

Swali lile lilimwingia mkutubi mahali ambapo matusi yasingefika. Mtoto alikuwa anamwomba ruhusa. Siku zote hizi, mezani kwao, shuleni, chini ya kitanda, alikuwa anaisubiri ruhusa itoke kwake yeye.

"Unaruhusiwa," akasema. "Kula, mwanangu. Kula ushibe."

Kitinda alifunua sahani. Vilikuwa viazi vya kuchemsha, vimeshapoa. Akachukua kimoja, akakipeleka karibu na mdomo, akakishusha.

"Basi geukia kule," akasema.

Mkutubi akageuka, akatazama ukutani. Halafu akamsikia mtoto anatafuna, polepole, anaacha, anahakikisha kwamba hatazamwi, anaendelea. Naye akabaki vile vile, uso ukutani, machozi yakimtiririka bila kuthubutu kuinua mkono kuyafuta, asije yule mtoto akadhani anageuka.