Ukurasa wa Usiku wa Alhamisi

Kisu kilikuwa kinachonga kalamu ya risasi, kwaru, kwaru, polepole, ili mwenye nyumba asiamke. Daku lilikuwa limeshaliwa na vyombo vimefunikwa. Halfani, mumewe, alikuwa amejilaza tena kidogo kabla ya kwenda kuadhini. Hajira alikaa karibu na mafiga, daftari likiwa magotini, akichonga kalamu ambayo ilikuwa imechongoka tangu jana.

Alfajiri nyingine, saa kama hii, angekuwa amekwisha kuchora. Leo ukurasa ulikuwa bado mweupe.

Daftari lile lilikuwa la dukani kwao hapo Katesh, la kurasa nyingi, jalada lake limelowa mafuta ya taa. Alianza kuchora humo miaka miwili iliyopita, binti yake Sauda alipoolewa Kondoa. Sauda alimwambia wakati wa kuagana, "Mama, nikija unihadithie yote, usiruke hata siku moja." Hajira alikijua kichwa chake. Kingeruka. Na kuandika hakufundishwa. Basi kila siku akawa anachora: jirani aliyemletea kaa la moto mvua ilipozima jiko, mzee aliyempisha kisimani, mbuzi aliyekula ukili wa mkeka mpya.

Mumewe ndiye aliyewaswalisha watu katika msikiti wao mdogo, na Hajira alijua kuchora watu na nyuso zao si jambo la kupendeza. Kwa hiyo kila kichwa alikiacha kitupu kama yai. Hata hivyo alilificha daftari ndani ya debe la pumba. Halfani hakuwa na habari nalo.

Sasa mtu angepakiwa kwenye lori la kwenda gerezani Mbulu leo adhuhuri, kwa sababu ya maneno yake yeye Hajira.

Mtu huyo alikuwa Gidahosh, mfugaji wa bondeni, baba wa watoto wawili, aliyewaletea maziwa karibu kila jioni. Wiki iliyopita, Jumatano, jua likizama, mkulima mmoja alichomwa mkuki wa paja katika njia ya Nangwa. Hakufa. Alisema aliyemchoma ni mtu mrefu, mwenye shuka na mkuki. Wanaume wa bondeni wote ni warefu, na wote wana shuka na mkuki, lakini aliyekamatwa ni Gidahosh, kwa kuwa alionekana njiani siku hiyo. Gidahosh akasema, saa ile nilikuwa Katesh, uani kwa mama Sauda, mwulizeni. Kutoka Katesh hadi Nangwa kwa miguu ni mwendo mrefu. Mtu hawezi kuwa kote kuwili.

Karani wa baraza, kijana aitwaye Patriki, akaja dukani na karatasi yake, akamwuliza. Hajira akajibu bila hofu, "Alikuja kwangu usiku wa Alhamisi, magharibi, mwezi ulipoandama."

Jana habari ikarudi: shahidi wa Gidahosh amesema Alhamisi. Mkulima alichomwa Jumatano. Ushahidi haufai.

Tangu hapo Hajira hakulala. Je, alikosea? Alifungua ukurasa wa siku ile mara kumi. Kila ukurasa wake ulianza juu kwa machweo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu mtoto: jua likizama, siku mpya imeingia, usiku wake kwanza, mchana wake baadaye. Hakukosea. Lakini nani angemwamini sasa?

Kulipopambazuka alijifunga kanga, akalitia daftari kwapani. Halfani alikuwa mlangoni, ametoka msikitini.

"Unakwenda wapi na saumu yako asubuhi hii?"

"Barazani."

"Mama Sauda, maneno yako yameshaandikwa. Ukiyageuza watasema tumehongwa maziwa."

"Siyageuzi. Nayanyoosha."

"Mimi sikumwona huyo mtu siku hiyo."

"Ulikuwa unatawadha. Ulipotoka alikuwa amekwisha kwenda."

Halfani akatazama kwapa la mkewe, akaona ncha ya jalada. Hajira alipita mbele yake, akisubiri kuitwa. Hakuitwa.

Upepo wa mlima ulikuwa baridi. Nje ya baraza, ukutani palipoanza kupata jua, aliketi mama yake Gidahosh, bibi mkavu mwenye vikuku vya shaba. Alikuwa ametembea tangu jana. Mapajani alikuwa na kibuyu cha mwanawe, kile cha maziwa, alichorudishiwa na askari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Sauda. Umekuja kumsema tena mwanangu?" Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno likitua peke yake.

Hajira akakaa chini karibu naye. Akamfungulia ukurasa. Bibi akainama. Juu palikuwa na mwezi mwembamba kama ukucha. Chini ya mwezi alisimama mtu mrefu mwenye kibuyu, ameunyoosha mkono juu. Kichwa chake kilikuwa kitupu.

"Huyu mbona hana uso?"

"Wote hawana, mama. Ni kawaida yangu."

"Lakini ni mwanangu." Akaweka kidole kwenye kibuyu cha karatasini, kisha kwenye kile cha mapajani. Vyote viwili vilikuwa na ufa, na ufa umeshonwa. "Nilikishona mimi."

Halafu akalichukua daftari, akaanza mwanzo. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayesimama mlangoni mwa zizi asubuhi kutazama ng'ombe wakitoka. Hajira aliona aibu. Hakuna mtu aliyewahi kuyaona yale. Bibi alifika ukurasa wa mwisho, na hapo tarishi akawaita.

Hakimu alikuwa Mzee Hermani, mtu wa koti zito na kikohozi. Gidahosh alikaa chini, mikono imefungwa, akitazama miguu yake. Alipomwona Hajira aliinua kidevu kidogo tu, ikawa ndiyo salamu.

"Mama, ulisema Alhamisi," Patriki alisema. "Nimeandika kwa mkono wangu."

"Nilisema usiku wa Alhamisi, mwanangu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Alhamisi usiku."

Hajira akamtazama. Kumbe ni hapo. Maneno mawili tu, yamepinduliwa.

"Siyo hiyo," alisema. "Usiku wa Alhamisi ni ule unaoingia Jumatano jua likizama. Mchana wake unakuja kesho yake."

Tarishi alicheka. "Kwa hiyo kwenu mkia unatangulia, ng'ombe anafuata?"

Watu wakacheka naye. Mzee Hermani hakucheka. "Mama, sikatai desturi yenu. Lakini leo shauri limekwisha kujulikana, kila mtu anaweza kusema alimaanisha hivi au vile. Ungeyasema haya kabla, ningeyapokea."

"Niliyasema kabla. Niliyachora."

Alimnyooshea hakimu daftari. Hapo ndipo alipotambua kwamba hampi ukurasa mmoja. Anampa miaka miwili. Vidole vyake vikachelewa kuachia, na hakimu ikabidi alivute kidogo.

Mzee Hermani alivaa miwani. Alitazama mwezi. Akatazama chini yake. "Sufuria hii mbona imepinduliwa?"

"Ndiyo mchana wa Alhamisi, baba. Siku ya kwanza ya kufunga. Sikupika."

Hakimu akarudi ukurasa wa nyuma, sufuria ikiwa wima na moshi unatoka. Akaja ukurasa wa mbele, sufuria imepinduliwa. Akarudi tena. Hajira alihesabu pumzi zake mwenyewe. Nje, mbali, lori lilisikika likipanda.

"Na huyu aliyelala kitini, kofia imemwangukia pahali pa pua?"

Hajira akainamisha kichwa.

"Huyo ni mimi," sauti ilisema mlangoni.

Halfani alikuwa amemfuata. Alisimama kwenye kizingiti, kofia yake mkononi, na watu waliocheka walicheka chini chini. Akamwamkia hakimu, akasema bila kumtazama mkewe, "Mwezi uliandama Jumatano jioni, mzee. Katesh nzima inajua tulianza kufunga Alhamisi. Mke wangu aliniita uani, akanionyesha. Nikamwambia, wewe macho yako hayaoni hata tundu la sindano, umeuonaje? Akasema ameonyeshwa."

"Na nani?"

"Sikuuliza. Nilikimbia kuwatangazia watu. Laiti ningeuliza."

"Ni Gidahosh," alisema Hajira. "Hafungi, wala haumhusu mwezi wetu. Aliona natafuta, akatua kibuyu, akaninyooshea mkono mpaka nikauona."

Mzee Hermani akaagiza kibuyu kiletwe. Alihesabu mishono ya ufa kwa ncha ya kalamu, halafu akahesabu ya karatasini. Saba, na saba. Alikohoa muda mrefu.

"Mfungueni," akasema.

Bibi hakupiga kelele. Alikichukua kibuyu, akampa mwanawe, kama mtu anayemtuma maziwa.

Hajira alinyoosha mkono apewe daftari. Hakimu akatikisa kichwa. "Hili linakwenda Mbulu pamoja na faili. Bwana Shauri wa wilaya lazima aone kwa nini nimemwachia mtu."

"Litarudi, baba?"

"Nitaandika kwamba linadaiwa."

Patriki alilifunga kwa kamba. Kisha, kabla ya kulipeleka kwenye lori, alilifungua tena, akalizungushia gazeti ili vumbi lisiingie, na akalikabidhi kwa dereva kwa mikono miwili. Hajira aliliona hilo, na alilishukuru moyoni, ingawa macho yalikuwa yamejaa machozi.

Idi ikapita. Mwezi mwingine ukapita. Daftari halikurudi. Sauda alileta salamu kwamba angekuja baada ya mavuno, na Hajira alipojaribu kukumbuka atamhadithia nini, kichwa chake kiliruka, kama alivyojua. Alikuwa na mbuzi na kaa la moto. Mengine yalikuwa weupe mtupu. Hofu hiyo ilimwamsha kila alfajiri mapema kuliko jogoo.

Asubuhi moja alikuta daftari jipya juu ya debe la pumba. Halfani alikuwa anafungua duka.

"Mimi usinichore nimelala," alisema kutoka kule mbele.

Hajira alilichukua, akafuatana na Gidahosh mpaka bondeni kumsalimu mama yake. Walikaa kwenye kivuli cha nyumba, ndama wakilia nyuma ya miiba. Bibi alilifunua lile daftari jipya, akaona halina kitu, akamwuliza lile lenye watu liko wapi. Hajira akamweleza.

Bibi akafumba macho.

"Wa kwanza," alisema, "ni mwanamke ameshika kigae, kigaeni kuna moto, mvua inanyesha upande huu. Wa pili, mzee, ndoo mbili, moja haina mshikio. Wa tatu, mbuzi mwenye baka shingoni, mkeka umebaki nusu."

Hajira alimtazama, halafu akaitafuta kalamu haraka haraka kwenye pindo la kanga.

Alichora mpaka jua likasogea. Bibi alitaja, akasahihisha, akamwambia hapana, ndoo ilikuwa upande wa kushoto. Ng'ombe mia anawajua kwa mabaka yao, alisema, karatasi ni kitu gani. Walipofika wa tisa alifumbua macho, akajinyoosha mgongo akiguna.

"Leo basi, nimechoka," alisema. "Wamebaki wengi sana. Njoo tena, mama Sauda. Njoo kesho kutwa."