Nyonga za Kamanda

Kila asubuhi Filbert alimwinua Kamanda kwa kanga kuukuu. Aliipitisha chini ya tumbo, akashika ncha zote mbili juu ya mgongo, akavuta, na yule mbwa wa Kijerumani akasimama huku miguu ya nyuma ikitetemeka. Kisha walikwenda taratibu hadi ukutani mwa karakana, mmoja akojoe, mwingine apumzishe kiuno. Filbert alikuwa na miaka sitini na minane. Kamanda alikuwa na mitano tu, na hilo lilimchosha mzee kuliko uzito wa mbwa.

Daktari Zulekha wa mifugo alishamwonyesha picha ya eksirei. Mfupa wa paja haukai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga, kwa hiyo unasagika.

"Ni ugonjwa wa kurithi, mzee. Baba yake alikuwaje?"

Filbert alijibu kwamba baba wa Kamanda alikufa akijikokota, naye akadhani ni uzee. Uongo mtupu. Alijua siku zote, ila pale mtaani Gerezani wenye maduka waligombea kununua kwake watoto wa mbwa wa ukoo ule kwa sababu ya mgongo ulioshuka kama paa la bati, wakiamini ndiyo alama ya mbwa halisi wa Kijerumani, naye aliwaacha waamini. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mbwa waliouzwa wakilia Ilala na Keko, kilio hakimfikii muuzaji.

Siku hiyo akaja Urvish, kijana muuza spea wa mtaa wa pili, na jike lake kwenye kamba.

"Shikamoo mzee. Nimemleta, yuko kwenye joto."

"Marahaba. Mrudishe, mwanangu. Kamanda hapandi tena."

Kamanda alisikia mgeni akajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilikubali, ya nyuma ikakataa, akabaki chini akipigapiga mkia.

"Amechoka tu huyu," Urvish alisema.

"Anaumwa nyonga. Baba yake aliumwa, na watoto wake wataumwa. Nimewauzia watu ugonjwa, na nilijua."

Alitegemea kijana akasirike. Kijana alicheka.

"Mzee bwana, sema tu unataka mbegu ibaki kwako. Poa, naenda Magomeni kwa Beno. Ana ndugu yake huyu, tumbo moja, na mgongo wake umeshuka kuliko wa Kamanda."

Akaondoka. Filbert alihisi aibu, akakaa kwenye tairi bovu, akampigia Beno.

"Nilipokuuzia mbwa nilikwambia ukoo huu ni safi," alisema. "Nilikudanganya. Urvish anakuja huko, mkatalie. Mkunje mbwa wako mguu wa nyuma, polepole, umsikie atakavyolia."

"Analia hivyo tangu Pasaka, mzee," alisema Beno. "Siku ya kupandisha huwa nampa dawa ya maumivu kwanza."