Majibu Yaliyolala Kawangware

Nabwire alikuwa mfagiaji wa kliniki ya mradi mmoja kule Kawangware, na kwa miaka sita alikuwa amefagia chini ya miguu ya watu aliowadharau. Aliwadharau kimyakimya, maana ugali wa wanawe ulitoka kwao. Kila asubuhi alitoka kwake Gatwekera, ndani ya Kibera, akapita Soko la Toi wenye mitumba wakifungua marobota, akatembea mpaka Kawangware, na alipofika wakubwa walikuwa bado hawajafika.

Mwaka wa tisini na saba mradi ulianza kampeni ya kupima saratani ya utumbo. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka Gatwekera na Sarang'ombe likiwaita wote waliopita miaka hamsini. Kila mtu alipewa kadi ndogo, akaambiwa apake choo chake kidogo siku tatu mfululizo, kisha airudishe. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, lakini kadi zilirudi, kwa sababu aliyerudisha alipewa fulana ya kijani. Mutunga, msimamizi wa kliniki, ambaye hakuwa daktari ila hakumkataza mtu kumwita hivyo, alipigwa picha kando ya rundo la kadi, ametuna kama mtu aliyeua simba.

Miezi mitatu baadaye Nabwire alikuwa akiosha stoo alipokuta katoni chini ya sinki, nusu imelowa. Ndani mlikuwa na fomu kumi na tisa, kila moja imepigwa muhuri mwekundu: DAMU IMEONEKANA. APIMWE ZAIDI. Ya tatu ilikuwa ya Oyoo, fundi wa kuezeka mabati, jirani aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja wa udongo.

Alikwenda na katoni mpaka mezani kwa Mutunga.

"Daktari, hawa watu waliambiwa?"

"Waliambiwa warudi kuuliza majibu. Mwenye haja atarudi."

"Watajuaje kama wana haja?"

"Mama Morris, kazi yetu ilikuwa kupima, na tumepima. Watu wa Kibera hawana anwani, hawana simu. Tutawatafutia wapi?"

"Gari la kipaza sauti liliwapata."

Mutunga alichukua kalamu, akaanza kuandika kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa. "Rudisha hiyo katoni pale ulipoitoa."

Hakuirudisha. Alizifunga fomu ndani ya leso, akaondoka nazo.

Jumapili baada ya kanisa alimkuta Oyoo nje ya mlango wake, amevaa ile fulana ya kijani, ameketi kitini kwa upande mmoja. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Baba Aluoch, umeanza kutoka damu lini?"

"Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe. Si uliwapa kadi?"

Oyoo aliangalia kando. "Hiyo ni bawasiri. Nakunywa dawa. Na kama ingekuwa mbaya, hao watu wangesema. Mtu akikupima halafu anyamaze, si ni kusema uko sawa?"

Nabwire alifungua leso. Watu kumi na tisa walikuwa wakijihesabu wazima kwa sababu mtu mmoja Kawangware aliona uvivu kufungua mdomo. Alimwonyesha fomu, akamsomea muhuri polepole, mara mbili.

"Watanitia mpira huko nyuma," Oyoo akasema hatimaye. "Mimi ni mwanaume."

"Mwanaume gani anakalia kiti upande mmoja?"

Mkewe aliangua kicheko ndani ya nyumba. Oyoo hakucheka, lakini Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kwa Nabwire, amenyoa ndevu.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nabwire alisimama katikati ya foleni, akapaza sauti. "Daktari, huyu ni mmoja wa wale wa katoni. Anataka barua ya kwenda hospitali kuu. Wengine kumi na wanane wanakuja."

"Katoni gani?" mama mmoja akauliza, na foleni nzima ikageuka kumtazama Mutunga. Barua iliandikwa hata kabla Oyoo hajaketi.

Hospitali ilimpa tarehe ya wiki tano mbele. Siku moja kabla, Nabwire alikwenda kumkumbusha, kisha akasimama pale mpaka dawa ya kusafisha tumbo ikaisha kwenye jagi, Oyoo akimtukana kwa Kijaluo. Walimkuta na uvimbe, ila ulikuwa haujatoboa ukuta wa utumbo. Walikata kipande, wakaunganisha. Daktari wa upasuaji alimuuliza kwa nini alichelewa.

"Nilikuwa ndani ya katoni," Oyoo akamjibu.

Waliobaki Nabwire aliwasaka Jumamosi baada ya Jumamosi. Kumi na watatu walikwenda. Wawili walikataa katakata, wawili walikuwa wamehama, hakuna aliyejua walikoelekea. Wa mwisho alikuwa Akeyo, muuza omena wa Sarang'ombe. Mlango wake ulifunguliwa na mpangaji mgeni. Jirani ndiye aliyemweleza kwamba Akeyo alikuwa amesafirishwa kwao Siaya mwezi uliopita, ndani ya sanduku.

"Tumbo lilimsumbua sana," jirani alisema. "Lakini alikuwa anatuambia ni hewa tu, kwa sababu alipimwa akapatikana mzima."

Nabwire aliiweka fomu ya Akeyo mbele ya Mutunga, juu ya magazeti aliyokuwa akisoma, akamweleza. Mutunga akasema pole.

"Usinipe pole mimi. Nipe kitabu."

Alipewa daftari kubwa, labda kwa aibu, labda kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja. Tangu siku hiyo kila aliyepimwa alieleza nyumba yake iko nyuma ya kanisa gani na jirani yake ni nani. Aliyeonekana na damu alitafutwa wiki hiyohiyo, akapewa barua na tarehe, na jina lake halikuwekewa alama mpaka arudi na majibu ya hospitali.

Wafadhili walipofika, Mutunga alilishika daftari hilo kwa mikono miwili, akawaeleza kuhusu "mfumo wetu wa kuwafuatilia wagonjwa." Mgeni mmoja aliuliza ni nani aliyeubuni.

"Tulikaa kama timu," Mutunga akasema.

Nabwire aliweka chini sinia ya chai. Alinyoosha mkono, akalichukua daftari kutoka mikononi mwake, akalitia kwapani.

"Samahani, nipite," aliwaambia wageni. "Kuna watu wanne Sarang'ombe bado wanafikiri ni wazima."