Kiti cha Msikilizaji

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kope. Siku nane tulikuwa tumekwama kwenye neno moja la Kigiriki, zelos, katika ule mstari unaozungumzia mtu anayeliwa na kitu fulani kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Analiwa na nini? Mchungaji wetu alitaka iwe bidii. Dada anayeshughulikia Kiebrania alitaka wivu, akasema wazee wa tafsiri ya zamani waliliweka hivyo na hakuna aliyekufa. Mimi nilisema nataka kwenda nyumbani tu, na hata hilo lilikuwa uongo.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Baada ya miaka kumi na tisa ya kutafsiri maandiko, nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba mkataba ukiisha narudi kukaa na watu wangu. Lakini chini ya kamusi kubwa nilikuwa nimeficha karatasi ya mkataba wa miaka mitatu mingine, ikisubiri saini. Nilipanga kusaini jioni, kisha nimwambie wiki ijayo, nikimkuta katika hali nzuri.

Saa sita mchana akaingia mwenyewe, amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani.

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Nikikuacha uje peke yako nitakuona mwezi ujao."

Katibu wetu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamdaka mlangoni. "Wifi, Mungu kakuleta! Msikilizaji wetu, yule fundi cherehani, anaumwa. Tuazime masikio yako nusu saa."

Kwetu rasimu haitoki ofisini kabla haijasomewa mtu asiyejua Kigiriki hata herufi moja. Anasomewa mara mbili, kisha anaeleza kwa maneno yake alichosikia. Msomaji haruhusiwi kufafanua, kubisha, wala kukunja uso. Anaandika neno kwa neno kwenye fomu, anamsomea msikilizaji alichoandika, msikilizaji anasahihisha na kusaini. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nimewafokea wengi kwa ajili yake.

Mke wangu akakaa kwenye kile kiti cha plastiki chenye ufa. Nikamsomea rasimu ya mchungaji, yenye bidii.

"Umesikia nini, ndugu msikilizaji?" Ndivyo fomu inavyotaka tuulize.

"Ndugu!" akaguna. "Nimesikia mtu kaipenda nyumba ya Mungu mpaka imemla. Ila hiyo bidii yenu siyo. Mwenye bidii jioni anaweka jembe chini. Huyu haweki."

Nikaandika.

"Je, unamfahamu mtu wa namna hii?" Na hilo limo kwenye fomu.

"Namfahamu. Ameniunguzia sufuria tatu. Anabandika maji ya chai, anafungua kitabu mara moja tu, eti mara moja, mpaka maji yanakauka na sufuria inakuwa nyeusi."

Wapo wataalamu wanaosema zelos lilitokana na kuchemka. Nikaandika sufuria.

"Si mtu mbaya," akaendelea. "Halewi, hapigi mtu. Utamshtaki kwa nani? Ukinuna utaonekana unamwonea Mungu wivu. Na kweli nilimwonea, miaka mingi tu. Binti yetu alipojifungua, huyo mtu alikuja hospitali na makaratasi yake. Mjukuu mkono huu, kalamu mkono huu. Anawapenda watu wake, sikatai. Hajui tu kwamba waliacha kumsubiri."

Mkono wangu uliendelea kuandika. Alipomaliza nikamsomea yote, nikiyapita maneno haraka haraka kama mtu anayevuka barabara. Nilipofika mwisho nikasoma, "Anawapenda watu wake. Anajua kwamba wanamsubiri."

"Hapo sivyo," akasema.

"Wapi?"

"Sikusema wanamsubiri. Nilisema waliacha."

Nikautazama mwandiko wangu. Nimetumia nusu ya maisha yangu kukamata makosa ya wengine, na hapo nilikuwa nimeandika nilichotaka kusikia. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nikakata, nikaandika upya.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Hilo limo kwenye fomu?"

"Halimo."

"Basi lete nisaini."

Akasogeza kamusi apate pa kuandikia, na ile karatasi ikatokea. Akaisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Sikumzuia.

Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. "Miaka mitatu," akasema tu. Akasaini fomu yake, kisha akailaza kalamu juu ya mkataba wangu. "Leo umenisikiliza nusu saa bila kunikatiza. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama ni kazi tu inayokufanya unisikilize, saini, baba. Nitakuwa nakuja kukaa kwenye kiti hiki."

Hakuwa ananisuta. Alikuwa amechoka kuliko mimi, na uchovu wake niliusababisha mimi.

Nikampelekea katibu ule mkataba bila saini. Alitumbua macho. "Na lile neno je?"

"Malizeni wenyewe. Fomu ipo mezani, someni alichosema."

Sijawahi kuacha mstari nusu. Vidole viliniwasha mpaka getini.

Tulitembea polepole, maana goti langu ni bovu na viatu vyake vilikuwa vinambana. Akaanza kunieleza habari za bomba la jikoni. Fundi alikuja mara mbili, mara ya kwanza bila spana, mara ya pili na spana isiyotosha. Tulikuwa tunapita kwenye duka la vioo pale neno liliponijia. Siku nane tumelitafuta, nalo likaja lenyewe, jepesi, ambalo hata fundi cherehani angelielewa. Nikafungua mdomo.

Mke wangu akanyamaza katikati ya sentensi, akasubiri, kama alivyozoea.

Nikaufunga mdomo.

"Endelea," nikamwambia. "Fundi akasemaje?"